Joseph Lister: Aliyeshinda Usaha kwa Dawa na kwa Maneno

Katika toleo hili nimeombwa niandike juu ya mtu maarufu wa zamani anayehusiana na fani yangu. Kwa wasionifahamu, mimi niko maabara hapa Glasgow, nashughulika na vitambaa vya kufungia vidonda, vile vinavyotiwa dawa ya kuua vijidudu ili kidonda kisitunge usaha. Ukifanya kazi ya namna hii katika mji huu huwezi kumkwepa mzee mmoja anayeitwa Joseph Lister. Sanamu yake iko Kelvingrove Park, amekaa kwenye kiti kama mzee wa baraza, na kila siku wanafunzi wanampita wakiwahi vipindi bila hata kumtupia jicho.

Wengi wetu tulimsoma sekondari kwa sentensi moja tu: Lister ndiye aliyeanzisha upasuaji wa kutumia dawa ya kuua vijidudu. Tukaandika kwenye madaftari, tukajibu mtihani, yakaisha. Lakini mimi baada ya kumsoma kwa muda nimegundua kwamba sentensi ile inaficha jambo kubwa zaidi. Dawa aliyotumia Lister hakuigundua yeye. Nadharia ya vijidudu haikuwa yake. Hata wazo la kuua uchafu usioonekana kabla haujamfikia mgonjwa lilikuwa limeshafanyiwa kazi kwingine miaka 18 kabla yake. Sasa basi, kwa nini tunamkumbuka yeye? Jibu langu ni kwamba alitumia zaidi ya miaka 20 ya maisha yake kuhakikisha anachokijua kinafika kwa wengine na kinaeleweka. Na alifanya hivyo akiwa mtu mwenye haya na mwenye kigugumizi.

Mtoto wa mtengeneza hadubini

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili 1827 Upton, Essex, mahali ambapo siku hizi pamemezwa na London ya mashariki. Familia yao walikuwa Wakweka, wafuasi wa lile kanisa la Friends ambalo wenzetu wa Vihiga na Kakamega wanalijua vizuri sana. Wakweka wa wakati ule walivaa nguo za kawaida, hawakupenda makuu, na kwa sababu ya dini yao hawakuweza kupata digrii za Oxford wala Cambridge. Ndiyo maana kijana Joseph alipelekwa University College London, chuo kilichoanzishwa 1826 na ambacho hakikumuuliza mtu dini yake.

Baba yake, Joseph Jackson Lister, alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye lenzi. Aliiboresha hadubini mpaka picha ikawa safi, bila ule ukungu wa rangi rangi uliokuwa ukiwasumbua wataalamu, na kwa kazi hiyo akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1832. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo kutazama vitu vidogo visivyoonekana kwa macho lilikuwa jambo la kawaida, kama kwetu mtoto wa fundi cherehani anavyokua akijua sindano. Naomba tulikumbuke hili, kwa sababu baadaye madaktari wengi waligoma kuamini kitu wasichokiona. Lister hakuwa na tatizo hilo.

Masomo yake hayakwenda mteremko. Kaka yake alifariki 1846, yeye mwenyewe akaugua ndui, na baadaye akili ikamchoka kabisa mpaka akalazimika kuacha masomo kwa muda. Wale mnaopitia kipindi kigumu huku ughaibuni, mjue hamko peke yenu. Alirudi, akamaliza udaktari 1852. Mwaka 1853 profesa wake mmoja, William Sharpey, alimwandikia barua ya utambulisho aende Edinburgh kwa James Syme, mpasuaji mashuhuri wa wakati ule. Alikwenda kwa nia ya kukaa wiki chache tu. Akakaa Scotland miaka zaidi ya 20.

Mwaka 1856 alimwoa Agnes, binti wa Syme. Kwa kuwa Agnes hakuwa Mkweka, Lister aliacha kanisa la wazazi wake. Hawakujaliwa watoto. Lakini huyu mama hakuwa mke wa kukaa pembeni. Madaftari mengi ya utafiti wa Lister yameandikwa kwa mkono wa Agnes, mumewe akisema na yeye akiandika. Kwa maneno mengine, ule utafiti ulifanywa na watu wawili, ila jina lililobaki ni moja. Dada zetu mlioko maabara mtanielewa.

Wodi zilizonuka

Mwaka 1860 Lister aliteuliwa profesa wa upasuaji hapa Glasgow, na 1861 akapewa wodi katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary. Hebu tufikirie hali ya wakati ule. Dawa za usingizi, yaani etha na klorofomu, zilikuwa zimeanza kutumika tangu 1846 na 1847. Mgonjwa hakupiga tena kelele mezani, na mpasuaji aliweza kufanya kazi kwa utulivu. Jamani, watu wakadhani tatizo limekwisha. Kumbe ndo kwanza linaanza, maana sasa walipasua watu wengi zaidi, na wengi zaidi wakafa baada ya siku chache kwa vidonda kuoza, sumu ya damu na donda ndugu.

Madaktari walijua kwamba mtu akivunjika mfupa bila ngozi kuchanika, mara nyingi anapona. Mfupa ukitoboa ngozi ukatokeza nje, mara nyingi mguu unakatwa au mtu anakufa. Kwa nini? Walisema ni hewa mbaya, au oksijeni inayoozesha nyama. Mpasuaji alivaa koti lililokakamaa kwa damu ya wagonjwa wa nyuma na hakuona aibu. Usaha ulionekana ni hatua ya kawaida ya kupona.

Lister aliweka hesabu, na hesabu zake ndizo ninazozipenda kwa sababu hazina maneno mengi. Mwaka 1864 na 1866, kabla ya njia yake kutumika kwa wagonjwa wa kukatwa viungo, kati ya wagonjwa 35 walikufa 16. Yaani karibu nusu. Ukiingia wodini, ni kama kurusha shilingi.

Mtu mmoja alimwambia mwenzake

Sasa angalieni jinsi wazo lilivyomfikia. Glasgow kulikuwa na profesa wa kemia anaitwa Thomas Anderson. Katika mazungumzo ya wenzao wa chuo kimoja, Anderson alimwambia Lister kwamba kuna Mfaransa, Louis Pasteur, ameonyesha kuwa mvinyo na maziwa haviharibiki kwa sababu ya hewa yenyewe, bali kwa viumbe hai vidogo vinavyokuja na vumbi la hewani. Lister akatafuta maandishi ya Pasteur, akayasoma, akarudia majaribio mwenyewe. Akili ikamwambia: kama mvinyo unaharibika hivyo, kwa nini na nyama ya mtu isiharibike hivyo hivyo? Kama haya maprofesa wawili wasingekuwa wanaongea, mmoja wa kemia na mwingine wa upasuaji, nadhani watu wengi zaidi wangezikwa. Kwa hiyo ndugu zangu, mkialikwa semina ya idara nyingine, nendeni, msiishie kufuata chai na biskuti tu.

Pasteur alikuwa anaua vijidudu kwa kuchemsha au kuchuja. Mgonjwa huwezi kumchemsha. Lister akahitaji kemikali. Alikuwa amesikia kwamba mji wa Carlisle walimwaga asidi ya kaboliki, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, kwenye maji taka ili kuondoa harufu, na ng'ombe waliolishwa kwenye mashamba yale wakaacha kuugua ugonjwa wa vimelea uliokuwa ukiwasumbua. Akaiomba asidi hiyo kwa Anderson. Dawa ya vyoo, kwa lugha nyepesi, ndiyo aliyoipeleka kwenye kidonda cha mtu.

Jaribio la kwanza, Machi 1865, lilishindikana na mgonjwa akafa. Lister hakukata tamaa. Tarehe 12 Agosti 1865 aliletwa mtoto wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguuni, mfupa ukavunjika na ngozi ikachanika. Lister alikisafisha kidonda, akakifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki, juu yake akaweka karatasi nyembamba ya bati ili dawa isikauke haraka. Baada ya siku nne akafungua. Hapakuwa na usaha wala harufu. Asidi ilikuwa imeunguza ngozi kidogo, basi akaichanganya na maji, kisha na mafuta. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeunga. Mtoto akatoka hospitali na miguu yake miwili.

Siku moja baadaye, karibu na Vienna

Hapa naomba nitoke Glasgow kidogo. Tarehe 13 Agosti 1865, yaani kesho yake tu baada ya mtoto yule kufungwa kidonda, alifariki daktari mmoja Mhungaria katika nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na Vienna. Jina lake Ignaz Semmelweis. Alikufa kwa kidonda kilichooza na kueneza sumu mwilini.

Huyu Semmelweis mwaka 1847, akiwa hospitali kuu ya Vienna, aliona kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha kina mama, na kina mama wakawa wanakufa kwa homa ya uzazi. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vikashuka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili mwaka ule hadi karibu asilimia 2 katikati ya mwaka. Ushahidi gani zaidi ungetakiwa?

Lakini Semmelweis hakupenda kuandika. Marafiki zake ndio waliomwandikia habari zake kwanza. Kitabu chake mwenyewe kilitoka 1861, miaka 14 baadaye, kirefu na kigumu kusomeka. Na walipompinga, akaanza kuwaandikia maprofesa barua za wazi za kuwaita wauaji. Kwa uchungu aliokuwa nao namwelewa kabisa. Ila mtu ukimwita muuaji, hata kama ni kweli, masikio yake yanaziba. Lister alipoanza kazi yake hakuwahi hata kumsikia Semmelweis. Hebu pimeni hasara hiyo: ukweli uliokuwa unaokoa watu mwaka 1847 haukufika Glasgow mwaka 1865. Simlaumu Semmelweis peke yake, waliokataa kumsikiliza wana dhambi kubwa zaidi. Ila somo linabaki palepale.

Kazi ya kueleweka

Lister alifanya tofauti. Alisubiri hadi akawa na wagonjwa 11 wa aina moja, aliyekufa kati yao mmoja, halafu kuanzia Machi 1867 akachapisha mfululizo wa makala katika jarida la The Lancet, akieleza mgonjwa mmoja mmoja, pamoja na wale ambao mambo hayakwenda sawa. Agosti mwaka huohuo akasimama mbele ya madaktari wenzake Dublin kueleza kanuni yake. Miezi michache kabla, Juni, alimfanyia dada yake Isabella upasuaji wa saratani ya titi, nyumbani kwake hapa Glasgow, baada ya madaktari wengine kuogopa. Kidonda kilipona vizuri, dada akaishi miaka mitatu zaidi. Yaani dawa aliyowaambia watu waiamini, alikuwa ameiamini kwa damu yake mwenyewe.

Msidhani alipigiwa makofi. James Young Simpson wa Edinburgh, yuleyule aliyeleta klorofomu, aliandika gazetini kwa jina la bandia kwamba asidi ya kaboliki si jambo jipya, kuna Mfaransa Jules Lemaire alishaandika. Lister hakuwa amekisoma kitabu hicho. Akakitafuta, akakisoma, akajibu kwa upole kwamba yeye hakudai kugundua dawa, anachodai ni njia ya kuitumia ili vijidudu visiingie kwenye kidonda.

Na hapo ndo penye kiini cha tatizo lote. Watu walisikia dawa, hawakusikia kanuni. Mpasuaji anasoma makala, anamwagia asidi kidogo kwenye kidonda, halafu anaingiza kidole kichafu humohumo. Mgonjwa akifa anasema njia ya Lister haifai. Tena Lister alikuwa anabadilisha mchanganyiko wake kila mara, akitafuta kilicho bora, basi wapinzani wakasema mwenyewe hana uhakika. Kwa mtafiti kubadilisha ni maendeleo. Kwa msikilizaji wa mbali inaonekana ni kuyumba.

Lister akajifunza kwamba makala peke yake hazitoshi, watu lazima waone. Tangu 1867 alitunza chupa za kioo zenye mkojo uliochemshwa. Chupa tatu zilikuwa na shingo ndefu zilizopindwa, hewa inaingia lakini vumbi linanasa njiani. Ya nne ilikuwa na shingo fupi iliyosimama wima. Ile ya nne iliharibika baada ya siku chache. Zile nyingine zilibaki safi miaka na miaka. Alipohamia Edinburgh 1869 kushika nafasi ya mkwewe, alizibeba mwenyewe ndani ya treni, amezipakata kama mtoto, abiria wenzake wakimshangaa. Darasani alizionyesha kila mwaka. Mwanafunzi angeweza kusahau maneno yake, lakini hakusahau chupa zile.

Mlango wake ulikuwa wazi kwa wageni. Walikuja Wadenmaki, Wajerumani na Wamarekani, wakasimama wodini, wakaona kila kitu kuanzia kuosha mpaka kufunga. Waliporudi kwao, ndio waliokuwa barua zake. Mjini Munich mwaka 1874 takriban asilimia 80 ya majeraha hospitalini yalishikwa na donda ndugu. Profesa Nussbaum alipoiingiza njia ya Lister yote kwa ukamilifu wake, mwaka uliofuata ugonjwa ule ukatoweka wodini. Mwaka 1875 Lister alizuru Ujerumani na kupokelewa kama mfalme, wakati London bado walikuwa wanamcheka. Nabii hana heshima kwao, si ndiyo?

Kutoka puti hadi shashi

Mimi kama mtu wa vitambaa siwezi kuliacha hili. Lister alifikiri kama fundi. Tatizo lake lilikuwa hivi: dawa ikiwa kali sana inaunguza nyama, ikiwa hafifu inaisha kabla kidonda hakijafunga. Alitaka kitu kitakachoishikilia dawa na kuitoa polepole. Kwanza akatengeneza puti, ndiyo, kama ile ya mafundi wa madirisha, kwa chaki, mafuta ya mbegu za kitani na asidi ya kaboliki. Kisha akajaribu plasta za gundi. Baadaye akafika kwenye shashi iliyotiwa asidi pamoja na utomvu wa miti na nta, ikakunjwa tabaka nane. Mwaka 1889 akaleta shashi nyingine yenye chumvi ya zebaki na zinki. Leo sisi tunatumia fedha, iodini, hata asali iliyosafishwa kitabibu, lakini swali la kila siku maabara ni lilelile la kwake: itatoka kiasi gani, na kwa muda gani?

Alibadilisha hata uzi. Zamani mishipa ya damu ilifungwa kwa uzi wa hariri au katani, ncha zikaachwa zinaning'inia nje ya kidonda hadi zioze na kuvutwa. Lister akachukua uzi wa utumbo wa kondoo, akauloweka kwenye dawa, akaujaribu kwa ndama, akaona mwili unaumeza wenyewe polepole. Ncha zikakatwa fupi, kidonda kikafungwa moja kwa moja.

Si kila alichobuni kilidumu. Kuanzia 1871 alitumia pampu ya kupulizia mvuke wa asidi hewani wakati wa upasuaji. Madaktari walikohoa, mikono ikababuka. Hata Malkia Victoria, aliyepasuliwa jipu la kwapani na Lister huko Balmoral Septemba 1871, alipuliziwa mvuke huo usoni. Baadaye utafiti ulionyesha kuwa hatari kubwa iko kwenye mikono na vyombo, si hewani. Lister akaiacha pampu, na mwaka 1890, mbele ya mkutano wa kimataifa Berlin, akasema hadharani kwamba anasikitika kuwahi kuipendekeza. Profesa wa miaka 63, mwenye jina dunia nzima! Naona wapasuaji waliozidi kumwamini baada ya hapo walikuwa na sababu.

London na mwisho wake

Mwaka 1876 alivuka bahari hadi Philadelphia, akaongea kwenye mkutano wa madaktari kwa zaidi ya saa mbili. Wakubwa wengi hawakushawishika, lakini kati ya waliomsikia alikuwemo Robert Wood Johnson, ambaye baadaye na ndugu zake walianzisha Johnson & Johnson wakauza vitambaa safi vya kufungia vidonda. Mwaka 1877 Lister akakubali nafasi King's College London, huku akiwa na maisha mazuri Edinburgh, kwa sababu alijua London isipokubali, Uingereza haijakubali. Wanafunzi wake wa mwanzo kule walikuwa wachache na wengine wakamkejeli. Oktoba mwaka uleule alifungua goti lisilo na jeraha na kuunga kwa waya mfupa wa pia ya goti uliovunjika. Kwa wakati ule kufungua kiungo kizima namna hiyo kulionekana ni kumchezea mgonjwa. Mgonjwa akapona. London ikaanza kunyamaza.

Na hesabu? Kati ya 1867 na 1869, wagonjwa wa kukatwa viungo waliotibiwa kwa njia yake Glasgow walikuwa 40, waliokufa 6. Linganisheni na wale 16 kati ya 35.

Heshima zikaja: baronet 1883, rais wa Royal Society 1895 hadi 1900, na 1897 akawa Lord, mpasuaji wa kwanza kupewa cheo hicho. Desemba 1892 alikwenda Paris kwenye sherehe ya miaka 70 ya Pasteur, wazee wale wawili wakakumbatiana mbele ya watu. Agnes alifariki 1893 wakiwa safarini Italia, na tangu hapo mzee akapoa. Alifariki tarehe 10 Februari 1912, Walmer, Kent. Ibada ikafanyika Westminster Abbey, na angeweza kuzikwa palepale na wakubwa wa taifa, lakini yeye alitaka alale pembeni ya mkewe, West Hampstead. Wakamlaza huko.

Na sisi je?

Nimalizie na habari ya kwetu. Mwaka 1879, Lister akiwa bado anabishana na wenzake London, Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Aliona mpasuaji wa Kinyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kikashikizwa kwa misumari saba myembamba ya chuma na nyuzi za gome la mti, kikapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa na kufunikwa kwa jani la mgomba. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Taarifa yake ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884.

Someni tena: kuosha mikono kwa pombe, dawa juu ya kidonda, kifuniko juu ya dawa. Yule mpasuaji alikuwa na ujuzi ambao si wa kubahatisha. Lakini jina lake Felkin hakuliandika, hatujui alifundishwa na nani wala alimfundisha nani, na tunachokijua tumekipata kwa mgeni aliyepita njia. Lister tunamjua hadi chupa alizozipakata kwenye treni.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wengi wetu tuko hapa tunafanya utafiti mzuri, tunaandika tasnifu za kurasa 300 ambazo zitasomwa na wasimamizi wawili na mtahini mmoja. Tusiishie hapo. Kila mmoja ajaribu kuandika kazi yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kwa namna ambayo muuguzi wa zahanati kijijini kwao ataelewa na kuweza kuitumia. Mimi nimeanza ya kwangu, na nakiri kwamba kuieleza shashi kwa lugha ya mama kumenitoa jasho kuliko kuitengeneza. Na wale ambao bibi na babu zao ni waganga wa mifupa au wakunga, likizo mkienda nyumbani kaeni nao, muulize, muandike, na majina yao muyaandike kwa ukamilifu. Gazeti hili lina nafasi. Leteni.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.